Rashi Ndani ya Damu

Jumatatu hiyo Paskazia aliamka kabla ya mama yake kumwita. Alifagia uwanja, akanyunyiza maji ili vumbi lisipande, akajaza ndoo mbili, kisha akakaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa kumsaidia mama kukata maandazi. Mama Paskazia alikuwa anauza chai na maandazi kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu pale Mwakitolyo. Ikifika saa moja na nusu asubuhi, beseni lake lilikuwa limeshajaa.

"Haya, damu ina nini na nini?" mama aliuliza huku akigeuza maandazi. Daftari la maswali ya sayansi lilikuwa wazi juu ya debe la unga.

"Chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani na utegili, yale maji ya damu."

"Chembe nyeupe kazi yake?"

"Ni askari wa mwili. Vijidudu vikiingia, zinapigana navyo."

"Hapo umepata. Zako zimepigana vya kutosha," mama alisema, akautazama mguu wa binti yake.

Mguu huo ulikuwa na habari yake. Mwishoni mwa Julai Paskazia alikanyaga msumari wenye kutu karibu na duara la zamani, yaani shimo lililoachwa na wachimbaji. Kidonda kiliingia usaha, mguu ukavimba mpaka viatu vikakataa. Alichomwa sindano siku nyingi katika kituo cha afya, na kila baada ya siku chache alipimwa damu. Mara ya kwanza chembe nyeupe zilikuwa elfu kumi na nane katika tone dogo kama mbegu ya mchicha. Baadaye zikawa elfu kumi na moja, halafu elfu nane. Askari walikuwa wanashinda vita na kurudi makwao.

Leo kilikuwa kipimo cha mwisho. Hesabu ikibaki chini, daktari angeandika kwamba amepona. Ikipanda, ingebidi aende kulazwa hospitali Shinyanga, maana huenda ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Na keshokutwa, Jumatano, ulikuwa mtihani wa kumaliza darasa la saba. Paskazia alikuwa ameusubiri mtihani huo miaka saba. Hata alipokuwa na homa, alisoma akiwa amelala chali, daftari likiwa juu ya uso kama paa.

"Mimi napeleka beseni kwa wateja," mama alisema akijifunga kanga. "Tukutane kituoni saa mbili. Uende unatembea, si mbio. Kidonda kikifunguka tumekwisha. Na nakuambia, ng'wanone, mwanangu, hata ukisikia rashi, leo wewe masikio huna."

"Sawa, mama."

Mtu wa Mwakitolyo haulizi rashi ni nini, lakini wewe wa mbali nitakueleza. Mtu akiona dalili ya dhahabu mahali papya, habari hupigwa kwa sauti: "Rashi!" Hapo hapo kila mmoja huacha alichoshika na kukimbilia huko. Anayefika mapema huweka alama yake chini, iwe jembe, shati au jiwe, na hapo panakuwa pake mpaka wenye eneo waje kugawa. Mtoto wa machimbo hujifunza kuitikia sauti hiyo kabla hajajua kuhesabu kumi.

Njiani Paskazia alikutana na Nelly, rafiki yake wa darasa moja.

"Mguu umepona, au umeazima wa jirani?" Nelly alimtania.

"Nimeazima wa kwako, ndiyo maana unachechemea."

Walicheka. Hawakufika mbali. Sauti ikatokea upande wa kilima: "Rashiii! Rashi nyuma ya kilima!"

Ungeona watu walivyotoka! Mama mmoja alikimbia na mwiko wa ugali mkononi. Kinyozi alitoka na mashine yake, na nyuma yake akatoka mteja aliyenyolewa upande mmoja, shuka la kinyozi likiwa bado shingoni linapepea. Nelly alikuwa ameshatangulia. Na Paskazia? Ukimuuliza mpaka leo, atakuambia hakumbuki kuamua. Alishtukia miguu inakwenda, moyo unapiga kifuani kama ngoma, na vumbi limejaa mdomoni.

Nyuma ya kilima watu walikuwa wanasukumana wakiweka alama. Nelly alivua ndala moja akaiweka chini. Paskazia hakuwa na kitu ila daftari lake la kituo cha afya, lile wanaloandikia vipimo vyake. Akaliweka juu ya udongo mwekundu, akaligandamiza na jiwe.

Mzee Ngassa, mchimbaji mwenye miaka mingi kazini, alisogea mpaka pale kitu kilipokuwa kinametameta. Aliinama, akakiokota, akakifuta kwenye suruali, akakiinua juu.

"Chupa!" alisema. "Kipande cha chupa ya soda, jamani. Nani kapiga kelele?"

Watu walicheka, wengine wakatukana kidogo, kisha wakaanza kutawanyika. "Kinyozi, twende unimalizie," alisikika yule wa nusu kichwa. "Siwezi kwenda kwa mkwe hivi."

Hapo ndipo kengele ya shule ilipogonga saa mbili. Paskazia alichomoa daftari chini ya jiwe na kutimua mbio kwa njia ya mkato. Alifika kituoni, akakaa kwenye benchi, akavuta nguo kufunika vumbi la miguuni. Pumzi haijamtulia, mama akaingia getini.

"Umewahi, binti yangu," mama alisema kwa furaha. "Umetembea vizuri?"

"Ndiyo, mama."

Maabara ya kituo hicho ilikuwa chini ya Bi Febronia, mwenyeji wa Ushirombo aliyekaa Mwakitolyo miaka kumi na miwili. Watoto walimwita Shangazi Damu, naye alicheka tu. Alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya kumchoma mtu alikuwa na maswali matatu yasiyobadilika, kiasi kwamba wachimbaji walimtania: "Shangazi, unapima damu au unaposa?" Yeye aliwajibu kwamba sindano inajua kuchukua damu tu, haijui kuuliza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Paskazia. Haya. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Umekujaje?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu. Paskazia akajibu, "Kwa miguu. Taratibu."

"Umekaa muda gani kwenye benchi?"

"Muda mrefu."

Bi Febronia alimshika mkono kutafuta mshipa. Vidole vyake vikasimama. "Mbona mapigo yanakwenda mbio hivi?"

"Naogopa sindano, Shangazi."

"Nimekuchoma mara ngapi mwezi huu? Leo ndiyo umeanza kuogopa?"

Alimtazama kidogo. Lakini nje foleni ilikuwa ndefu, na mtoto mchanga alikuwa analia kwa homa. Bi Febronia akachukua damu, akaandika jina kwenye chupa, akaita mwingine.

Baada ya nusu saa mashine ilitoa jibu: chembe nyeupe elfu kumi na tano na mia tatu.

Bi Febronia alikunja uso. Akarudia kupima damu ile ile. Jibu likawa lile lile. Nesi akaja kuchukua karatasi na kuipeleka kwa daktari, kama kawaida ya kazi, lakini Bi Febronia hakuridhika. Alipaka tone la damu kwenye kioo chembamba, akalitia rangi, akainama kwenye darubini. Alikaa pale muda mrefu, anasogeza kioo polepole kama mtu anayechambua mchele.

"Mbona wote ni watu wazima?" alijisemea.

Wakati huo Paskazia na mama yake walikuwa mbele ya Daktari Adam. Huyu alikuwa kijana mpole kutoka Tanga, amehamia miezi miwili tu. Aliusoma ule mkanda wa karatasi mara mbili, akaubonyeza mguu wa Paskazia, akavua miwani.

"Mama, kwa nje kidonda ni kizuri. Lakini damu inasema kuna vita. Sipendi kubahatisha na mfupa. Nitaandika barua, aende Shinyanga leo."

"Leo?" Mama Paskazia alikaa chini kama aliyesukumwa. "Na mtihani wa Jumatano?"

"Mtihani anaweza kufanya mwakani. Mguu hana mwingine."

Mama hakubisha. Aliinuka, akatoka nje kumpigia simu kaka yake aliyekuwa Shinyanga, na Paskazia akaisikia sauti yake ikikatika katikati ya maneno. Mwaka mzima! Nelly na wenzake wote wangeondoka, yeye abaki. Na moyoni alijua kuna jambo ambalo daktari hakulijua. Hakujua kama linahusika na damu. Alichojua ni kwamba akilisema, mama atalisikia.

Daktari alimwona anavyosokota ncha ya nguo yake. "Paskazia, mama ametoka. Niambie mimi. Leo asubuhi kulikuwa na jambo lolote?"

Paskazia aliona ni afadhali aseme kidogo, ule upande usiokuwa na kosa lake. Akasema kwa sauti ndogo, "Kulikuwa na rashi, daktari."

Sasa, kule alikofanyia kazi Daktari Adam, manesi wanaita vipele vya mwilini rashi. Alishika kalamu haraka.

"Rashi! Imeanza lini?"

"Leo leo, asubuhi."

"Ilianzia wapi?"

"Nyuma."

"Ikaenea?"

"Haraka sana. Dakika moja tu."

"Na nyumbani kwenu kuna mwingine mwenye rashi?"

"Siyo nyumbani tu, daktari. Kijiji kizima. Hata kinyozi na mteja wake."

Kalamu ilianguka. "Kijiji kizima! Na wewe umekaa hapa kimya?" Daktari alisimama, akaanza kutafuta namba ya mkubwa wake kwenye simu, na mkono wa pili unatafuta barakoa kwenye droo.

Mlango ukafunguka. Bi Febronia aliingia ameshika kile kioo kwa ncha za vidole, na nyuma yake Mama Paskazia.

"Bi Febronia, usimguse mtu!" daktari alisema. "Kuna mlipuko wa vipele. Kijiji kizima!"

"Vipele?" Bi Febronia alimtazama Paskazia, akamtazama daktari. "Amesema vipele, au amesema rashi?"

"Rashi."

Bi Febronia aliuma midomo asicheke, ikashindikana. "Daktari wangu, rashi ya hapa haipakwi dawa." Akamweleza watu wanavyokimbilia dhahabu. Daktari Adam alikaa, akarudisha barakoa kwenye droo, akacheka mpaka akafuta macho. "Nilikuwa karibu kuomba dawa za vipele kwa watu elfu tatu, kinyozi na mteja wake wakiwemo," alisema.

Kila mtu alicheka isipokuwa Paskazia. Na Bi Febronia alipoacha kucheka, alichukua daftari la mtoto mezani, akaligeuza. Juu ya jalada kulikuwa na alama ya udongo mwekundu, umbo la jiwe.

"Basi rashi ilikuwepo," alisema kwa upole. "Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hii: wewe ulikuwa wapi?"

Paskazia alimwona mama yake akiitazama ile alama. Angeweza kusema alipita tu. Angeweza kusema daftari lilianguka. Maneno yote mawili yalikuwa tayari ulimini. Lakini alikumbuka sauti ya mama ikikatika kwenye simu, na aibu ikamzidi kuliko hofu.

"Nilikimbia," alisema. "Kwenda na kurudi. Niliweka daftari kama alama. Sikukaa kwenye benchi muda mrefu, nilifika muda mfupi tu kabla mama hajaingia. Na sindano siiogopi, Shangazi. Nilikuwa namwogopa mama." Machozi yakaanza kumtoka.

"Yaya! Hapana, ng'wanone!" Mama alishika kichwa. "Kwa mguu huo?"

"Mama Paskazia, vumilia kidogo," Bi Febronia alisema, na uso wake ulikuwa umefunguka kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. "Huyu mtoto ametusaidia sasa hivi kuliko mashine yangu. Daktari, nakuomba saa moja. Akae bila kufanya chochote, nimpime tena."

Daktari alimkagua kidonda upya. Hakikuwa kimefunguka, hakikuwa na usaha wala joto. "Saa moja ninayo," alisema.

Wakamkalisha Paskazia kwenye kiti cha maabara, mguu juu ya stuli. Halafu udadisi ukaishinda aibu.

"Shangazi, mimi nilikimbia kwa miguu. Damu imehusikaje?"

"Njoo utazame," Bi Febronia alisema, akamsogezea darubini.

Paskazia aliziba jicho moja. Mwanzoni aliona ukungu, kisha ukungu ukafunguka. Aliona viduara vyepesi vya rangi ya waridi, vingi kama nafaka zilizoanikwa. Katikati yake, hapa na pale, kulikuwa na vikubwa zaidi vyenye tumbo la zambarau.

"Hao wa zambarau ndio chembe nyeupe?"

"Ndio askari wako. Sasa sikiliza. Siku ya kawaida, askari wengi hawapo barabarani. Damu ndiyo barabara. Wengine wamekaa barazani, yaani wameshika ukuta wa mishipa, wametulia. Wengine wapo kambini kwenye bandama, hapa ubavuni kushoto. Mimi nikichukua tone la damu, nahesabu wale waliopo barabarani tu. Wa barazani siwaoni."

"Na leo?"

"Leo kulikuwa na rashi. Siyo ya nyuma ya kilima, ya ndani yako. Ulipokimbia na kushtuka, ubongo ulipiga kelele. Kuna nyuzi nyembamba za neva zinazoshuka kwenye uti wa mgongo na kwenda kila mahali: kwenye moyo, kwenye mishipa, kwenye bandama. Huziamrishi wewe. Zinafanya kazi hata usipotaka."

"Zinaitwa neva za simpathetiki," Daktari Adam aliongeza. Alikuwa amekuja kusimama mlangoni kikombe cha chai mkononi, anasikiliza kama mwanafunzi. "Zinagusa pia tezi mbili ndogo juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Hiyo ndiyo sauti ya rashi."

"Na askari wana masikio?" Paskazia aliuliza.

"Wana masikio!" Bi Febronia alipiga kofi la furaha. "Hapo ndipo mimi huwa nashangaa, miaka yote hii. Chembe ambayo huwezi kuiona kwa macho ina sehemu kwenye ngozi yake inayoipokea ile adrenalini. Ikiipokea, inaachia ukuta. Bandama nayo inatoa waliopo kambini. Dakika chache tu, barabara imejaa. Wametoka kama yule kinyozi wenu na mteja wake."

Paskazia alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Lakini hakukuwa na vita. Ilikuwa chupa ya soda."

"Mwili ungejuaje? Tangu zamani za mababu, mtu akikimbia hivyo ana chui nyuma yake, na huenda akaumia. Mwili hausubiri jeraha ndipo uite askari. Unawatoa kwanza, wakae tayari. Jeraha lisipotokea, hawagombani na mtu. Wanarudi barazani, wanakaa. Ukifikiri sana, kichwa kinazunguka. Mimi nimeumbwa hivyo, na wewe, na hata yule mzee Ngassa."

Mama Paskazia, aliyekuwa amekaa pembeni, akauliza, "Sasa wewe ulijuaje, kabla mtoto hajasema?"

"Sikujua, nilishuku. Vidonda vikiwa vimeshambuliwa kweli, mwili unaita hata askari ambao hawajamaliza mafunzo, wachanga kabisa, kutoka ndani ya mifupa. Nilitafuta wachanga kwenye kioo, sikuona. Wote watu wazima. Nikasema, hii haifanani na vita. Lakini kushuku siyo kujua. Kioo hakikuniambia kwamba mtoto alikimbia. Hilo lilikuwa mdomoni mwake peke yake."

Saa moja ikaisha. Paskazia alinyoosha mkono mwenyewe. Safari hii vidole vya Bi Febronia vilitulia juu ya mshipa, naye akatikisa kichwa akikubali. Damu ikaingia mashineni. Mama alishika mkono wa mtoto, mtoto akashika kiti. Kile kikaratasi kikatoka.

"Elfu nane na mia sita," Bi Febronia alisoma. "Wamerudi barazani."

Daktari Adam alichukua ile barua ya Shinyanga, akaichana vipande viwili. "Atafanya mtihani," alisema. "Aje Ijumaa nimtazame tena, tuwe na uhakika. Na kuanzia leo, mtu akiniambia rashi, nitamuuliza kwanza ni ya ngozi au ya dhahabu."

"Wabeja, daktari. Wabeja sana, dada," Mama Paskazia alishukuru, akaufunika uso kwa kanga. Alipoufunua, alimgeukia binti yake. "Na wewe, adhabu yako ipo. Nimeiweka darini pamoja na mbegu. Tutaishusha Ijumaa jioni."

"Sawa, mama," Paskazia alisema. Safari hii alimaanisha.

Bi Febronia aliwasindikiza mpaka mlangoni. Alimwinamia Paskazia wakawa uso kwa uso.

"Na mimi nina kosa. Vidole vyangu vilisikia moyo wako unakimbia, nikaamini maneno kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Sitarudia. Lakini wewe ukumbuke hili. Damu haijui kudanganya, mwanangu, ila haijui pia kujieleza. Ilisema kweli kwamba askari wametoka. Haikuweza kusema kwa nini. Mwenye damu ndiye msemaji wake. Ukimdanganya anayekutibu, unaufunga mdomo mwili wako mwenyewe. Na ukimpa nusu ya ukweli, umeona: kijiji kizima kimeota vipele."

Jumatano asubuhi Mama Paskazia hakuwawahi wateja wake. Aliwasindikiza Paskazia na Nelly mpaka njia ya shule, beseni likiwa kichwani, kila mmoja akiwa na andazi la moto mkononi. Walikuwa wamekaribia geti sauti ilipotokea tena kwa mbali: "Rashiii!"

Goti la Nelly liliruka lenyewe. Beseni la mama likayumba. Paskazia akasimama, akaweka vidole viwili mkononi juu ya mshipa, pale Bi Febronia alipomshika.

"Wametoka?" Nelly aliuliza.

"Wametoka wote. Nawasikia." Alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole. "Waache watembee kidogo, watarudi wenyewe."

Mama aliwatazama, akaliweka beseni sawa, akacheka. "Nendeni," alisema. "Kule ndani mtaulizwa maswali. Na mtu akiulizwa, awe mbele ya mtihani au mbele ya daktari, ajibu lote. Nusu jibu halimfikishi mtu popote, isipokuwa Shinyanga."

Kengele ikagonga. Wasichana wawili wakaingia getini, wanatembea.